Jinsi ya kutathmini na kuhuisha mkakati wa TEHAMA shuleni: mwongozo kutoka Moshi

Kabati lilikuwa la chuma, la kijivu, na mlangoni pake kuna karatasi imebandikwa kwa selotepu: VISHIKWAMBI – USIGUSE. Mzee mlinzi ndiye aliyenisindikiza hadi stoo, maana mwalimu mkuu alikuwa ameitwa kwenye kikao mjini.

"Mzee, hili hufunguliwa siku gani?"

Akacheka kidogo. "Mwalimu, funguo ilihama na mwenzako. Tangu apelekwe Same hatujafungua."

Shule yenyewe siitaji, ni moja tu ya zile za huku juu mlimani, migombani. Kwenye taarifa tuliyokuwa nayo mkononi shule hiyo ilikuwa imetiwa tiki: vifaa vya TEHAMA, vipo. Na kweli vilikuwepo. Aliyejaza fomu hakudanganya hata kidogo. Aliulizwa swali la kuwepo, akajibu la kuwepo.

Tangu siku ile, kila ninapoombwa kusaidia timu inayopitia mkakati wa TEHAMA, nawaambia jambo moja: acheni kuhesabu mashine, hesabuni vipindi. Yanayofuata hapa ni namna ya kufanya hivyo hatua kwa hatua. Nimeyaandika kwa ajili ya maofisa elimu, wathibiti ubora, walimu wakuu, na diwani yeyote atakayekuwa na uvumilivu wa kusoma hadi mwisho.

Hatua ya 1: Jua karatasi ipi ni yako

Mkakati wa serikali hauko kwenye kitabu kimoja. Juu kabisa kuna sera: Sera ya Taifa ya TEHAMA ya 2016, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 Toleo la 2023. Sekta ya elimu nayo ilikuwa na sera yake ya TEHAMA kwa elimu ya msingi tangu 2007. Chini yake kuna mikakati na miongozo ya wizara na ya OR-TAMISEMI, ofisi ya Rais inayosimamia serikali za mitaa. Chini zaidi kuna mpango mkakati wa halmashauri wa miaka mitano, bajeti ya kila mwaka, na mwisho mpango wa maendeleo wa shule yenyewe.

Sera huwezi kuibadilisha ukiwa ofisini Moshi. Unaweza kupeleka maoni, na upeleke. Mpango wa halmashauri na bajeti, hivyo viko mikononi mwenu. Timu nyingi hupoteza miezi ikijadili yaliyo ya Dodoma, na yaliyo mezani pao hayaguswi.

Ukishaipata karatasi yako, chukua kalamu nyekundu na upigie mstari kila sentensi inayoahidi kitu. Kisha jiulize: sentensi hii inaweza kushindwa? "Kuimarisha matumizi ya TEHAMA katika ufundishaji na ujifunzaji" haiwezi kushindwa. Ukinunua kipanya kimoja umeimarisha. Lenye kutathminika linasomeka hivi: "Ifikapo Juni 2027, kila shule yenye umeme inafundisha darasa la tano angalau vipindi viwili vya Sayansi kwa wiki kwa projekta au kishikwambi, na vipindi hivyo vimeandikwa kwenye daftari la matumizi." Hilo linaweza kushindwa, na kila mtu akajua limeshindwa.

Nusu ya kazi yote iko hapa. Kama mkakati wa zamani una sentensi kumi na mbili na kumi kati yake hazina namna ya kushindwa, andika hivyo kwenye ripoti. Hilo peke yake ni matokeo ya tathmini.

Hatua ya 2: Timu

Watu sita au saba wanatosha. Weka mthibiti ubora, mhasibu, mtu wa ugavi, Afisa Elimu Kata mmoja, mwalimu wa darasa anayeshika chaki kila siku, mzazi kutoka kamati ya shule, na fundi. Fundi namaanisha mtu anayeweza kufungua kompyuta akakwambia hii imekufa au inatengenezeka. Kama halmashauri haina mtu wa kutosha, Chuo cha Ufundi Arusha hakiko mbali, na kuna vijana waliopita vyuo vya ufundi wapo mitaani wanatengeneza simu.

Aliyesimamia ununuzi wa vifaa awe mtoa taarifa, asiwe mwenyekiti. Simtuhumu mtu. Ni vigumu tu kumpima mtoto uliyemzaa mwenyewe.

Barua ya Mkurugenzi wa halmashauri ipatikane mapema. Bila hiyo, mlango wa stoo haufunguki hata kama ufunguo upo.

Hatua ya 3: Chagua shule kwa kura

Ukimwachia mtu akuchagulie, utapelekwa kwenye shule za barabarani, zenye geti lililopakwa rangi na bustani ya maua. Fanya hivi: gawa shule zako katika makundi kulingana na mazingira, kisha kila kundi lipigiwe kura. Kwa Moshi makundi yanajitenga yenyewe. Kuna za mjini, kama Majengo na Pasua. Kuna za mlimani, Kibosho, Uru, Marangu, ambako ukungu na unyevu huingia hadi ndani ya sanduku la vifaa. Kuna za tambarare, Kahe na Arusha Chini, ambako adui ni joto na vumbi. Kumbuka Manispaa na Halmashauri ya Wilaya ni ofisi mbili tofauti, kwa hiyo kila moja ipige kura yake. Wenzetu wa Arusha wana hali hiyohiyo: Jiji ni moja, Arusha Vijijini ni nyingine, na ukifika Longido unaongelea umbali wa aina nyingine kabisa.

Andika majina ya shule kwenye vikaratasi, tia kwenye kofia, mtoto wa mtu yeyote achomoe. Shule nne kila kundi, jumla kumi na mbili kwa makundi haya matatu, zinatosha kukuonyesha picha.

Ratiba nayo ina ujanja wake. Ukienda Agosti tu, kiangazi kimekolea, kila kitu kinawaka. Nenda pia wakati wa masika, Aprili hivi. Mvua ikipiga bati lisilo na dari huwezi kusikia video hata spika ikipandishwa mwisho, na umeme nao una mambo yake. Nimekaa nyuma ya darasa la watoto sitini na kitu, mwalimu akionyesha video ya mzunguko wa damu. Mvua ilianza dakika ya tano. Akazima, akachukua chaki, akachora moyo ubaoni. Alichora vizuri sana, na kwenye daftari langu niliandika kwamba vifaa vimetumika dakika tano.

Hatua ya 4: Siku ya kutembelea shule

Fika kabla ya kipindi cha kwanza. Anza na stoo, maliza na darasa, ofisi ya mwalimu mkuu iwe ya kusalimia tu kwanza.

Stoo, chukua leja ya mali, na kila kifaa ukiweke kwenye fungu moja kati ya matano: kinafanya kazi na kinatumika, kinafanya kazi lakini hakitumiki, kimeharibika ila kinatengenezeka, kimekufa, kipo kwenye leja lakini hakionekani. Usikubali fungu la sita linaloitwa "kipo kwa mwalimu". Kama kipo kwa mwalimu, kiletwe kesho yake kionekane. Hapa kuna jambo la kutenganisha: vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa walimu kwa kazi zao. Hivyo vihesabu peke yake, maana swali lake si la darasani. Uliza mwalimu anakitumia kuandaa somo, kujaza mifumo ya taarifa, au kimewekwa kabatini nyumbani mtoto asikivunje.

Fungu la pili ndilo la kukaa nalo. Kifaa kizima kisichotumika kina sababu, na sababu mara nyingi ni ndogo kuliko unavyodhani. Nenosiri alikuwa nalo mtu mmoja. Soketi iko moja na iko ofisini. Umeme wa LUKU uliisha wiki iliyopita. Waya wa kuunganisha projekta umeazimwa kanisani. Mwalimu anaogopa kikivunjika atakatwa mshahara. Hii ya mwisho nimeisikia mara nyingi kuliko zote, na hakuna mafunzo yatakayoiondoa. Itaondolewa na waraka wa ukurasa mmoja unaosema nani analipa kifaa kikivunjika katika matumizi halali.

Kisha fanya hesabu hii, inachukua dakika kumi. Tuseme shule ina vishikwambi 40 na ratiba ya vipindi 8 kwa siku. Kwa wiki vingeweza kutumika mara 40 × 8 × 5, yaani 1,600. Ukikuta darasa moja linavitumia vyote kwa vipindi 4 kwa wiki, hiyo ni mara 160. Asilimia 10. Sisemi lazima iwe 100, hata kitabu hakisomwi kila dakika. Lakini kama shule iko kwenye 10 na ombi la bajeti ni la vishikwambi vingine 40, una la kujibu.

Darasani beba saa. Kipindi cha darasa la tatu na kuendelea ni dakika 40. Andika dakika ya kugawa vifaa, dakika ya kila mtoto kuwa amefika ukurasa unaotakiwa, na dakika ya kuanza kukusanya. Nimeona kugawa kukichukua 12 na kukusanya 6, somo likabaki 22. Shule nyingine hapohapo jirani ilikuwa na viranja wa vifaa, namba ya kifaa inalingana na namba ya mtoto kwenye daftari la mahudhurio, kugawa dakika 3. Utaratibu huo haukugharimu shilingi. Uandike kwenye mkakati mpya kama ulivyo.

Angalia pia ni mkono wa nani uko kwenye kioo. Watoto watatu wakipewa kifaa kimoja, mara nyingi mmoja anabonyeza, mmoja anatazama, mmoja anachungulia. Hesabu wasichana na wavulana. Angalia mtoto asiyeona vizuri amekaa wapi, na kama kifaa kina sauti ya kusoma maandishi na kuna anayejua kuiwasha.

Mwisho ongea na watoto wanne peke yao, chini ya mti, mwalimu akiwa mbali. "Mara ya mwisho mlitumia lini?" Watoto hukumbuka kwa matukio: "Siku ile wageni walipokuja." Jibu hilo ni data.

Hatua ya 5: Je, wanajifunza?

Hapa watu wengi huteleza. Huchukua shule zenye kompyuta, wakalinganisha ufaulu wao katika mitihani ya taifa ya NECTA na wa zisizo nazo, wakatangaza kompyuta zinaongeza ufaulu. Shule zilizopata kompyuta mara nyingi ndizo zilizokuwa na umeme, walimu wa kutosha, na wazazi wenye uwezo. Huenda umepima umeme na wazazi.

Kuna mifano miwili ninayopenda kuiweka mezani. Peru iligawa kompyuta mpakato kwa watoto vijijini, na watafiti wakalinganisha shule 319 zilizopangwa kwa kura. Matokeo yaliyotolewa 2012 hayakuonyesha ongezeko katika Hisabati wala lugha. Kompyuta zilifika, ufundishaji ukabaki uleule. Wa pili uko jirani zaidi, Tanga. Kati ya 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE lilijaribu vishikwambi kwa watoto wapatao 3,000 katika vijiji 170, wengi wao hawakuwa wakienda shule. Programu zilikuwa za Kiswahili, hazikuhitaji intaneti, na vifaa vilichajiwa kwa sola kijijini. Watoto walipiga hatua katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Ukiweka hadithi hizi mbili pamoja, utaona swali la "teknolojia inafaa?" ni swali bovu. Uliza programu gani, kwa lugha gani, na nani atachaji.

Halmashauri haihitaji watafiti kutoka nje ili kupima. Vifaa vikija vichache, navyo huja vichache siku zote, pigeni kura: nusu ya shule zipate muhula wa kwanza, nusu muhula wa pili. Jaribio dogo la kusoma kwa sauti au la Hisabati lifanyike shule zote kabla na baada ya muhula wa kwanza. Shule zinazosubiri zinakuwa kipimo chenu bila kunyimwa chochote.

Hatua ya 6: Fuata shilingi hadi mwaka wa nne

Mhasibu aje na karatasi yenye safu nne, mwaka hadi mwaka. Mwaka wa kwanza huwa mtamu: mfadhili ametoa, au Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umeleta kompyuta, picha zimepigwa. Mwaka wa pili unaanza umeme. Wa tatu betri. Wa nne hakuna anayejua.

Chukua shule ya msingi yenye wanafunzi 600. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kwa hiyo ni milioni 6, na sehemu yake hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Tuseme bando la ruta ni 50,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 600,000, sawa na sehemu ya kumi ya ruzuku yote kabla hujanunua chaki, karatasi za mitihani na LUKU. Mwalimu mkuu mwenye akili ataikata intaneti mwezi wa tatu, na mimi ningefanya hivyohivyo. Ndiyo maana mkakati unaotegemea intaneti ya kila siku kwa shule za namna hii umeandikwa na mtu asiyelipa bili. Vitabu vya Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) vinaweza kupakuliwa mara moja kwenye kituo cha walimu au mjini, vikasambazwa kwa flashi. Si kitu cha kujivunia kwenye hotuba, lakini Jumatatu asubuhi kinafanya kazi.

Hatua ya 7: Walimu, na taarifa za watoto

Kwa walimu sina mengi. Semina ya siku mbili hotelini haibadilishi darasa. MEWAKA, mafunzo endelevu kazini, tayari inawakutanisha walimu shuleni kwao. Ongeza hapo jambo moja la TEHAMA kila mara, lifundishwe na mwalimu wa shule hiyohiyo kwa kifaa kilekile kitakachotumika kesho.

La taarifa binafsi limekuwa zito kuliko zamani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Mkakati wowote ulioandikwa kabla ya hapo unahitaji kipengele kipya. Orodhesha kila programu inayotaka jina, picha au namba ya mtoto. Uliza taarifa zinakwenda wapi na nani aliridhia. Programu ya bure isiyojibu maswali hayo iondolewe, hata kama watoto wanaipenda.

Hatua ya 8: Andika upya

Tandika matokeo yote mezani na uyagawe mafungu matatu: endelea, rekebisha, acha. Timu hufika saa sita mchana fungu la "acha" likiwa tupu. Msinyanyuke. Kama mkakati una mambo kumi na mawili na fedha ni za matano, saba yameshaachwa tayari, ila hakuna aliyethubutu kuyaandika.

Kila sentensi itakayobaki ijibu maswali manne: nani, lini, kwa fungu lipi la fedha, na tutajuaje. Pakikosekana jibu moja, irudi kwenye fungu la tatu.

Kuna jambo la mbele ambalo lisipoingia sasa litawakuta mmelala. Kwa mtaala ulioanza kutekelezwa 2024, elimu ya msingi inakuwa miaka sita, na mwaka 2027 watamaliza kwa pamoja darasa la sita la mtaala mpya na darasa la saba la mwisho. Januari 2028 kidato cha kwanza kitapokea mikupuo miwili. Chumba cha kompyuta cha sekondari kilichopangiwa mikondo mitatu kitakabiliwa na sita. Na shule za mkondo wa amali, yaani mafunzo ya ufundi, zinahitaji kompyuta kama nyenzo ya kazi, si pambo la siku ya mahafali. Andikeni idadi hizo sasa, shule kwa shule, kabla vyumba havijageuzwa madarasa ya kawaida kwa dharura.

Weka pia kipengele cha vifaa vilivyokufa. Vikikaa kwenye leja vinaongeza namba na kuharibu kila takwimu yako. Ofisa ugavi aanzishe utaratibu wa kufuta mali, na betri zisitupwe shimo la takataka nyuma ya jiko la shule.

Hatua ya 9: Kupitisha

Mwaka wa fedha huanza Julai, lakini bajeti yake hupikwa kuanzia Novemba. Rasimu ikifika Februari mmechelewa mwaka mzima. Ratiba yangu: masika ziara ya kwanza, Agosti ya pili, Septemba kuandika, Oktoba Timu ya Menejimenti ya halmashauri, kisha Kamati ya Elimu, Afya na Maji, halafu Baraza la Madiwani.

Kwa madiwani peleka ukurasa mmoja. Upande mmoja jedwali la yale mafungu matano ya vifaa, kata kwa kata. Diwani akiona kata yake ina vifaa 38 vizima visivyotumika, maswali atauliza mwenyewe, tena kwa sauti.

Na kabla hujaondoka kila shule, acha daftari la matumizi lenye safu sita: tarehe, darasa, somo, vifaa vilivyotoka, dakika zilizotumika, tatizo. Litundikwe mlangoni mwa stoo kwa kamba, kalamu imefungwa humohumo. Ufunguo wa pili ubaki ofisini kwa mwalimu mkuu, uandikwe kwenye hati ya makabidhiano, na jina la anayeushika libadilishwe siku ileile anapopata uhamisho.